Sekunde Kumi

Nilianza kushika chaki mwaka 1974, baada ya kuhitimu Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza, nikaiweka chini mwaka 2011 nikiwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo 37 nilichapa watoto wengi. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyolea. Fimbo nyingi nimezisahau. Lakini iko moja ya mwaka 1978 ambayo haijanitoka, na ndiyo inayonifanya niandike habari hizi.

Wakati huo mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulikuwa ndio kwanza umeanza, na madarasa yalifurika. Nilifundisha hesabu darasa la nne katika kijiji kisicho mbali na hapa Mhunze. Mstari wa mbele alikaa binti mmoja mpole, nadhifu, ambaye alikuwa na kasoro moja tu: kuduwaa. Alikuwa akiandika, mara mkono unasimama juu ya daftari. Macho yanakodoa ukutani, kope zinapepesa kidogo. Ukimwita haitiki. Kisha, ghafla kama alivyoacha, anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mimi nilikuwa kijana wa miaka 27, na niliita jambo hilo dharau. Siku moja nilimwita mara tatu mbele ya wenzake, akanitazama bila kunijibu. Nikachukua fimbo. Ilipomfikia mgongoni alishtuka, akaniangalia kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa usingizini na kukuta nyumba inaungua. Hakujua alilolikosea. Nikadhani anaigiza, nikaongeza ya pili. Siku nyingine zikafuata nyingine. Wenzake walimtunga jina, akawa wa mwisho katika mitihani, na alipofika darasa la tano akaacha shule. Katika rejesta niliandika neno moja: mtoro. Sikwenda kwao kuuliza.

Miaka 41 ikapita. Mwaka 2019 mjukuu wangu, mwana wa mwanangu wa tatu, alikuwa na miaka saba na akiishi nami hapa Mhunze. Jioni moja tulikuwa tunakula. Mtoto akamega tonge, akalichovya katika mboga, na mkono ukasimama katikati ya bakuli na mdomo. Macho yakakodoa. Kope zikapepesa. Mchuzi ukamdondokea gotini asiutambue. Nilihesabu bila kukusudia, moja hadi kumi. Halafu tonge likaendelea na safari yake, naye akaendelea na hadithi aliyokuwa akisimulia.

Msomaji, sikuweza kumaliza chakula kile. Nilikuwa nimewahi kuyaona macho yale.

Nyumbani kwangu wapo waliokwisha kuyaona kabla yangu, nao walikuwa na maelezo yao. Ukoo mmoja wa upande wa mama yake ulikuwa umekwenda kwa mganga kimyakimya. Ramli ilisema mtoto anachukuliwa na mwanamke mzee wa karibu mwenye macho mekundu. Kwa mgeni maneno hayo ni porojo. Kwetu Usukumani si porojo hata kidogo. Wako wanawake wazee wengi waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya maneno kama hayo, na macho yao hayakuwekundushwa na uchawi bali na moshi wa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote.

Mwanamke mzee wa karibu mwenye macho mekundu alikuwa dada yangu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto. Alikuwa amefiwa na mumewe, nami nikamleta kwangu. Usiku mmoja alinigongea mlango akiwa na kifurushi cha nguo mkononi. Akaniambia, "Mdogo wangu, nipeleke mbali kabla hawajaja." Nilimwomba aketi. Nilimwahidi kwamba asubuhi nitafanya jambo, ingawa sikujua ni jambo gani.

Nilifanya lile ninalolijua: nilifungua daftari na kupiga mistari kama rejesta. Tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, imechukua sekunde ngapi, alipozinduka alikuwaje. Jumamosi ya kwanza niliandika mara 14, nazo ni zile nilizoziona tu. Jumatatu nikamchukua mtoto na daftari langu, tukaenda hospitali ya wilaya.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa wajukuu zangu wakubwa. Alinipa shikamoo, akasoma daftari lote kwa utulivu, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mwalimu, umenisaidia kazi kubwa. Ugonjwa huu mgonjwa mwenyewe hauoni. Namtegemea aliyetazama." Akaniuliza maswali: Je, huanguka? Hujing'ata ulimi? Hujikojolea? Akizinduka huchoka, au huendelea mara moja? Nilijibu yote, kwa kuwa safari hii nilikuwa nimetazama.

Kisha alikata ukanda mwembamba wa karatasi, akaushika mbele ya uso wa mtoto, akamwambia, "Puliza kama bibi anavyopuliza moto. Usiache mpaka nikuambie." Mtoto akapuliza, karatasi ikacheza. Dakika ya kwanza ikapita. Katikati ya dakika ya pili karatasi ikatulia. Macho yakakodoa. Daktari akatamka taratibu, "Embe." Akahesabu. Baada ya sekunde kumi hivi karatasi ikaanza kucheza tena. Akamuuliza nimetamka neno gani. Mtoto akacheka, "Hujasema kitu, daktari."

Hakukuwa na mashine yoyote chumbani mle. Kupumua kwa nguvu na kwa haraka hupunguza hewa ya kaboni katika damu, na kwa mtoto mwenye ugonjwa wa namna hii hilo mara nyingi hutosha kuuamsha mbele ya macho ya daktari. Alinieleza kwamba seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo, kila kundi kwa zamu yake, kama darasa lenye nidhamu. Katika ugonjwa huu pande zote mbili za ubongo hupaza sauti kwa pamoja, kama mara tatu kwa kila sekunde, na kwa muda huo mtoto hayupo. Hasikii, haoni, wala hakumbuki. Halafu darasa linatulia lenyewe. "Hiki ni kifafa, mwalimu," alisema, "ingawa haanguki."

Kifafa! Neno hilo tulilijua kwa sura nyingine: mtu kuanguka, kutoa povu, watu kukimbia wakihofia mate yake. Hofu hiyo haina msingi, kwani kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Lakini ndiyo iliyowaacha wengi waungue motoni huku majirani wakitazama kwa mbali. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta watu wa namna hiyo katika siku za mwisho za Tanganyika ya wakoloni: wamefichwa vibandani, wana makovu ya moto, wanalishwa peke yao. Aliwafungulia kliniki akawapa vidonge, na wengi wakarudi kulima pamoja na wenzao. Dawa aliyoitegemea ilikuwa fenobabitali, ambayo ilijulikana kutuliza kifafa tangu mwaka 1912. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye kifafa duniani ni kama milioni 50, na kwamba saba katika kila kumi wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangetambuliwa na kupewa dawa inayowafaa.

Inayowafaa, hapo ndipo pana mkazo. Nilidhani kifafa ni kimoja na dawa yake ni moja. Sivyo. Fenobabitali imeokoa watu wengi, lakini haifai kwa kuduwaa huku, na dawa nyingine iitwayo kabamazepini inaweza hata kukuzidisha. Ndiyo sababu daktari alitaka kwanza kujua ni kifafa cha aina gani. Alitupa rufaa kwenda Mwanza kupigwa kipimo cha umeme wa ubongo, kipimo ambacho Mjerumani Hans Berger alikitangaza mwaka 1929. Mtoto alivikwa nyaya kichwani, hazina maumivu yoyote, na karatasi ikaonyesha vilima vyenye miiba, vitatu kwa sekunde, kama tulivyoambiwa.

Tukaandikiwa valproeti, asubuhi na jioni. Daktari alituonya tusiikatize ghafla hata mtoto akionekana amepona. Kisha akaongeza, "Angekuwa binti ningefikiri mara mbili, kwa sababu dawa hii huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mabinti hukua." Alisema hayo kwa wema tu, akijaza fomu. Mimi nilitazama sakafu. Binti niliyemfahamu hakuna aliyemfikiria hata mara moja.

Dawa ilianza kufanya kazi, lakini maneno ya ramli hayaishi kwa kidonge. Basi niliita kikao cha ukoo. Sikumtukana mganga wala kuwaita watu wajinga. Mwalimu anayelitukana darasa halifundishi. Niliwasomea daftari. Jumamosi kabla ya dawa: 14. Wiki ya pili: tisa. Wiki ya nne: tatu. Wiki ya nane: hakuna. Nikawauliza, "Dada yangu ameondoka hapa siku gani?" Wakajibu hajaondoka. "Nani amempikia mtoto uji kila asubuhi?" Ni yeye. "Basi kama ni mkono wake, kidonge hiki kimeushindaje mkono ulio ndani ya nyumba?" Kimya kilikuwa kirefu. Mzee mmoja akasema, "Hesabu zinasema." Sidai kwamba wote waliamini. Lakini dada yangu alikifungua kifurushi chake. Alifariki mwaka 2022 kwa uzee, kitandani mwake, na mjukuu yule akashika kamba moja ya jeneza.

Ilinibaki deni moja. Mwaka 2021 nilikwenda katika kijiji kile cha zamani kuulizia. Haikuwa kazi ngumu. Binti yule alikuwa mama mtu mzima, akiuza mtama na choroko siku za mnada, na tayari ana wajukuu. Aliponiona aliinuka akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu." Sauti yangu iligoma kuitikia marahaba.

Nilimweleza yote: mjukuu, karatasi, umeme wa ubongo. Alisikiliza huku akipepeta choroko. Akasema alipokwisha kuwa msichana mkubwa watu waliacha kumwambia kwamba anaduwaa, basi akajua yameisha. Ndivyo huwa kwa wengi wao. Kuduwaa huku hupungua na mara nyingi huisha mtoto anapokua. Ugonjwa ulikuwa umeondoka wenyewe, ila shule ilikuwa imeondoka kabla yake.

Nikamuuliza kama anakumbuka hali ile. Aliacha kupepeta.

"Kuduwaa sikumbuki hata kidogo, mwalimu," alisema. "Fimbo naikumbuka."

Nilimwomba radhi. Aliniambia yamepita, akanifungia kilo mbili za choroko, akakataa fedha yangu. Nilizibeba hadi nyumbani, nazo zilikuwa nzito kuliko kilo mbili.

Mjukuu wangu alikaa zaidi ya miaka miwili bila kushikwa, ndipo daktari akaipunguza dawa kidogo kidogo hadi ikaisha. Mwaka 2025 ameanza kidato cha kwanza. Hesabu anazipenda.

Vijana wa ualimu hunitembelea wakitaka ushauri, nami siku hizi huwapa mmoja tu. Mtoto asipokuitika, usiinue mkono. Msogelee, mtazame machoni, uhesabu hadi kumi. Ukiona anarudi kama mtu ambaye hakuwapo, andika siku na saa, uende kwa wazazi wake, na pamoja nao mwende hospitali. Huna mashine, lakini unayo macho, na daktari atayahitaji. Mimi niliyatumia macho yangu nikiwa nimechelewa miaka 41, na aliyelipa hakuwa mimi.