Kesho Isiyofika



Wapendwa, leo nakiri kosa langu mbele yenu. Kijana mmoja aliniomba barua ya utambulisho ili ajiunge na chuo. Nilimwambia, "Njoo kesho." Kesho ikazaa kesho, muda wa maombi ukapita, naye akapoteza mwaka mzima.

Nilijiita mvivu, nikaongeza sala, lakini droo ya meza yangu haikufunguliwa. Hatimaye nilimwendea mshauri nasaha. Hakunikaripia. Aliniuliza, "Padre, ukiitazama droo hiyo, moyoni unasikia nini?" Nikatambua kwamba tangu nilipomzika mama yangu kila karatasi ilinielemea. Kuahirisha kulinipa nafuu ya kitambo, na nafuu hiyo ndiyo iliyokuwa kamba iliyonifunga.

Alinipa zoezi dogo: dakika 10 kila asubuhi, barua moja tu, hata nisipokuwa na hamu. Maana mara nyingi hamu hufuata tendo, hailitangulii.

Wazee wa jangwani waliijua hali hii. Evagrio wa Ponto, aliyefariki Misri mwaka 399, alimweleza mmonaki aonaye jua la adhuhuri kana kwamba limesimama.

Basi, tusiwe wepesi wa kumwita mtu mvivu. Huzuni na kukosa hamu vikidumu zaidi ya wiki 2, huenda ni sonona, nayo hutibika. Kutafuta msaada si upungufu wa imani.

Kijana yule nilimwomba radhi. Mwaka uliofuata, barua yake niliiandika ya kwanza.