Mgumu akiimba na mbana pua

Haya, leo siasa zipumzike kidogo, tuongee muziki. Tangu wiki iliyopita pale chumba cha habari kuna ubishi ambao hautaki kuisha. Jamaa mmoja wa dawati la michezo ameshikilia kwamba msanii wa hip hop akishamwita mbana pua amwimbie kiitikio, basi huyo ameshauza. Ukimuuliza ameuza nini hasa, anaanza kugugumia. Anasema, "Ameuza tu, wewe huoni?"

Kwa ndugu zangu mlio mbali na Bongo, "mbana pua" ni jina la kejeli ambalo mashabiki wa hip hop waliwabandika waimbaji wa nyimbo za mapenzi, kwa jinsi sauti zao zinavyopitia puani. Upande wa pili kuna "wagumu", wale wanaochana. Mgumu hatabasamu kwenye picha hata umlipe. (Kwi kwi kwi.) Neno "kujiuza" lenyewe silipendi maana kwa Kiswahili chetu lina kazi nyingine usiku, lakini ndilo linalotumika mtaani, kwa hiyo tutaenda nalo.

Sasa, huyu jamaa hoja yake kubwa ni kwamba zamani hip hop ya Bongo ilikuwa safi, haikugusana na pop. Zamani ipi? Mwanzoni mwa miaka ya 90, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutufanya tuamini kwamba Kiswahili kinaweza kuchanwa ni Saleh Jabir. Alichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice akaiwekea maneno ya Kiswahili. Vanilla Ice, jamani! Yule yule ambaye wagumu wa Marekani walimcheka mpaka akakosa pa kujificha. Kwa maana hiyo mlango tulioingilia ulikuwa wa pop kabisa, tena pop ya kuazima.

Na huko Marekani kwenyewe hawakuwa wasafi kiasi hicho. Melle Mel alichana kwenye wimbo wa Chaka Khan mwaka 1984. Run-DMC walirudia "Walk This Way" pamoja na Aerosmith mwaka 1986, ukafika namba 4 kwenye chati ya Billboard. Mwaka 1992 EPMD wakatoa "Crossover", wimbo mzima wa kuwasema wanaokimbilia pop, na huo huo ndio ukawapandisha kwenye chati kuliko nyimbo zao zote. Sijui walicheka au walilia.

Turudi nyumbani. Mwaka 2004 Ferooz alitoa "Starehe", akamshirikisha Profesa Jay. Mimi hata darasa la kwanza nilikuwa sijaanza, lakini wimbo ule haukuwa wa mwaka mmoja, tumekua nao kwenye daladala, kwenye saluni, kwenye redio ya mama jikoni. Mgonjwa wa ukimwi anasimulia jinsi alivyokula maisha mpaka yakamla yeye. Kumbuka mwaka 2004 ulikuwa mwaka gani. Dawa za kupunguza makali ndiyo kwanza serikali inaanza kuzitoa bure, na kwenye misiba mingi watu bado walikuwa wanasema marehemu "aliugua kwa muda mrefu" halafu wanaangalia chini. Pale ndani kuna mwimbaji wa kuliza watu na kuna mchanaji ambaye nchi nzima ilishazoea kumsikiliza akisema mambo mazito. Mtoe mmoja uone kinachobaki. Mwaka mmoja kabla yake Profesa huyo huyo alikuwa na Juma Nature kwenye "Zali la Mentali", kisa cha mapenzi tena, na sikumbuki kusikia mtu akisema Profesa kauza. Baadaye wakazi wa Mikumi walimpa ubunge, 2015 hadi 2020. Ugumu wake haukupungua hata gramu.

Halafu ikaja mwishoni mwa 2016, Darassa na Ben Pol, "Muziki". Hapa nakubali jamaa yangu anapata pa kushika. Darassa alipunguza mwendo, akapunguza maneno, akaacha mdundo utembee wenyewe. Wagumu walinuna. Lakini Krismasi ile ulikuwa huwezi kukatiza mtaa wowote wa Dar bila kuusikia, na watoto wa chekechea walikuwa wanaujua wote. Mimi naupenda. Ila ukiniuliza Darassa alikuwa anasema nini mle ndani, itabidi nifikiri kidogo, wakati "Starehe" naweza kukusimulia mwanzo mpaka mwisho nikiwa usingizini.

Kinachonisumbua zaidi ni Fid Q. Mwaka 2017 mtoto wa Mwanza, ambaye kwa vina sioni wa kumkaribia, alitoa "Fresh Remix" akiwa na Diamond Platnumz na Rayvanny. Kwa kanuni za wagumu pale hakuna kosa: Diamond ndiye aliyekuja kuchana, Fid hakwenda kubana pua. Mfalme wa pop kaingia nyumba ya hip hop kavua viatu mlangoni. Sasa kumbuka magazeti yaliandika nini wiki ile, na mitandaoni watu walibishania nini... mistari ya Diamond! Diamond kamsema nani, Diamond kamaanisha nini. Mwenye nyumba akawa kama mgeni aliyekaribishwa chai. Wapenda hip hop wanaogopa mwenzao atalainika, lakini mimi naona hatari iko hapo, kwamba unaweza kubaki mgumu vile vile na bado usisikike ndani ya wimbo wako mwenyewe.

Na kuna suala la njaa, ambalo wabishi wenye mshahara hatupendi kuligusa. Muziki wetu msanii anaishi kwa shoo. Hebu niambie, nani anamwita mchanaji kwenye harusi? Bibi harusi anataka wimbo wa kuingilia ukumbini, hataki beti kumi na sita za bei ya unga. Mwimbaji wa mapenzi anapata harusi, send-off na kitchen party. Mgumu anasubiri tamasha, na matamasha yenyewe mwaka mzima unaweza kuyahesabu kwa vidole.

Kuna dogo mmoja wa Mbagala namfahamu, jina lake naliacha. Anachana vizuri sana. Aliitwa studio aingize ubeti kwenye wimbo wa mwimbaji ambaye mnamjua. Akaenda na mistari kumi na sita kuhusu baba yake, machinga aliyeondolewa Kariakoo mwaka 2021, alivyokaa nyumbani miezi miwili akikunja na kukunjua suruali za mtumba ambazo hana pa kuzitandaza. Wakamsikiliza, wakamsifia. Halafu wakamwambia minane inatosha, na iwe ya kiuno cha mtoto, maana wimbo ni wa kucheza. Akaandika mingine pale pale kwenye kochi, dakika ishirini.

Alilipwa laki tatu, akalipia chumba chake miezi mitano. Nilimwomba anichanie ile ya baba yake, akanichania tukiwa tumesimama kituoni Rangi Tatu, daladala mbili zikatupita. Kwenye mstari wa suruali sauti ilimkwama, akarudia kuanzia juu. Ule wimbo mwingine unatoka mwezi ujao, video wameshapiga, na kwenye video yeye hatabasamu.