Berlin kwa Miguu, Kutoka Bungeni hadi Maji-Maji-Allee

Katikati ya Berlin mtu anaweza kuzunguka mwenyewe bila shida. Majengo yanayotajwa sana yamekaribiana, njia za waenda kwa miguu ni pana, na ramani ya kwenye simu inatosha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Ujerumani, na nilitaka kutembea kwa mwendo wangu, nisimame nitakapo bila kuharakishwa na mtu.

Nilianzia Reichstag, jengo la Bunge. Kuba lake la kioo, kazi ya msanifu Mwingereza Norman Foster, lilifunguliwa mwaka 1999, na kulipanda ni bure mradi umejiandikisha mapema. Mimi nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jengo, ambako safu mbili za mawe zimepachikwa barabarani. Hapo ndipo ulipopita Ukuta uliougawa mji huu tangu 1961 hadi 1989. Nikaufuata mstari huo, mguu mmoja Mashariki na mwingine Magharibi, huku baiskeli zikinipita pembeni, mpaka Lango la Brandenburg.

Lango lilikamilika mwaka 1791. Juu yake wamesimama farasi wanne wanaokokota gari la mungu wa kike wa ushindi. Napoleon aliwachukua hadi Paris mwaka 1806, wakarejeshwa 1814. Zamani njia ya katikati ilikuwa ya wafalme na jamaa zao. Nikapita hiyo hiyo.

Umbali mfupi kuelekea kusini kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa Ulaya, uliofunguliwa mwaka 2005: matofali makubwa ya zege 2,711, yasiyo na jina wala tarehe. Ukingoni yako chini ya goti. Unavyozidi kuingia, ardhi inashuka na zege zinapanda, hadi zinakupita kimo na kelele za magari zinafifia. Unamwona mtu akikatiza mbele yako, halafu hayupo. Nilikaa humo muda mrefu. Taifa lililouweka uovu wake lenyewe hadharani, karibu na Bunge lake, limefanya jambo la kuheshimiwa, nami nasema hivyo bila kusita.

Ndiyo maana mtaa uliofuata uliniuma. Wilhelmstraße ni hatua chache tu kutoka hapo. Palipokuwa na kasri la Kansela Bismarck leo pana nyumba za ghorofa, kuna watu wamepanga maua kwenye roshani. Katika kasri hilo, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikaa kuweka kanuni za kugawana Afrika, na hakualikwa Mwafrika hata mmoja. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari. Kesho yake Kaisari akaipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Nchi yetu, Tanzania Bara ya leo, ilianza kutawaliwa hapa, na alama iliyopo ni bango la maelezo kando ya njia. Nililisoma lote, neno kwa neno. Katika muda huo hakuna mpita njia mwingine aliyesimama.

Nikageuka kaskazini, nikavuka mto Spree kwa Friedrichstraße hadi Invalidenstraße, kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Ukiingia ukumbi mkubwa unakutana na dinosaria wa Tendaguru, Lindi, mwenye urefu wa mita 13 na ushei kutoka sakafuni hadi utosini. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913. Mamia ya wenyeji walifukua, wakaifunga, wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na jina hilo lingefaa kujulikana kwa kila mwanafunzi wa Tanzania. Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu; njaa iliyoletwa na vita hivyo ilikuwa imeua watu wengi mno kusini. Bungeni kwetu suala la mifupa hii limeulizwa zaidi ya mara moja, na kwa maoni yangu liendelee kuulizwa.

Jua lilikuwa bado juu. Karibu na makumbusho kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi, U6, inayokwenda hadi Wedding, penye mitaa yenye majina ya Kiafrika. Barabara moja huko ilipewa jina la Peters mwaka 1939. Mwaka 2024 sehemu yake moja ikaitwa Maji-Maji-Allee. Nikakipiga picha kibao, nikamtumia mjomba aliyeko Songea. Akajibu papo hapo: nipige nyingine, barabara nzima ionekane, awaonyeshe wazee.