Mkanda wa Damu ya Mzee

Seremala mmoja wa Wete aliyehamia Tanga alimwona chozi akining'inia kwenye ua la mgomba, akadhani amekutana na mtu wa kwao. Umbo lilikuwa lilelile, takriban sentimita 10; mdomo mwembamba uliopinda, mgongo wa kijani kinachometameta. Kisha ndege akageuka. Kifuani alikuwa na mkanda wa rangi ya damu ya mzee, ambao dume la chozi wa Pemba hana. (Majike hawasaidii kitu, wa pande zote mbili wamevaa rangi za kufifia.)

Utotoni seremala huyo aliwaua wengi kwa manati, mchezo mtupu, maana hata nyama hawana. Hakujua kwamba Anton Reichenow alikwisha kumpa ndege huyo jina la kisiwa mwaka 1905, wala kwamba haishi popote nje ya Pemba na vijisiwa vyake. Sababu ni bahari. Maji yalipokupwa katika zama za barafu, Unguja iliungana na bara. Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, haukukauka. Waliokuwa ng'ambo wakabaki peke yao.

Aliporudi Wete msimu wa karafuu, alimkuta mpwawe chini ya mkarafuu, manati mkononi.

"Nipe hiyo, baba."

"Lakini mjomba, chozi si wamejaa kila pahala?"

"Hawa hapana."

Mtoto akaitazama manati, kisha akatazama juu.