Kisunzi si Mimba, Wala si Jini



Mwanamke akisema ana kisunzi, hajamaliza hata maneno yake wenziwe wameshampa jibu. Kama ameolewa, ana mimba. Kama hajaolewa, ana mimba vile vile, ila inasemwa kwa sauti ya chini. Akiwa mtu mzima, ni presha. Na kama anaishi Sumbawanga, hapaulizwi tena: kachezewa.

Sisi ni mtu na dada yake, wazaliwa wa Unguja, na huu ni mwaka wetu wa 6 huku Rukwa. Mmoja wetu aliumwa, mwengine alimshika asianguke. Hatusemi ni nani na nani, wanaotujua wanatujua. Tunaandika pamoja kwa sababu maneno ya watu yalitupata sote wawili, na yalikuja siku 12 kabla ya harusi.

Kwa ambao hawajafika: Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja ardhi inateremka hadi Ziwa Tanganyika, upande mwengine inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Mbeya na Tunduma. Juni na Julai baridi yake mtu wa kisiwani hulala na sweta, soksi na mablanketi mawili. Watu wa pwani wakilisikia jina la mji huu hucheka kile kicheko cha woga. Wenyeji wametueleza kuwa kwa Kifipa jina lenyewe ni amri: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Yaani mji unaowaambia watu wautupe uchawi ndio uliobandikwa sifa ya uchawi. Sisi tumekuta mahindi, maharage, ulezi, migebuka kutoka ziwani, na majirani wanaobisha hodi wakiona moshi haujatoka jikoni kwako.

Basi tulikuwa tumeteremka Muze, bondeni, kununua mchele wa harusi. Wakati wa kupanda mlima kurudi, gari iliingia shimoni na kichwa cha mmoja wetu kikagonga chuma cha juu ya dirisha. Halikutoka hata tone la damu, ni nundu tu, tukaipaka mafuta na tukaicheka. Siku ya tatu yake, kabla ya alfajiri, aligeuka kulia kitandani kuzima simu iliyokuwa inaamsha.

Hakikuwa kisunzi cha funga, kile cha kuinuka ghafla na macho kuingia giza. Chumba kilizunguka. Kabati lilipita, dirisha likapita, kabati likapita tena, naye ameshika godoro kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya mnazi. Kisha kikasimama chenyewe, haikufika dakika moja. Akatapika. Alipotulia akatia udhu, akasimama kusali, na alipoweka kipaji chake chini kwa sijda ya kwanza, dunia ikazunguka upya na akaangukia ubavu juu ya mswala.

Nyumba ilikuwa imejaa wageni wa harusi waliotoka Unguja. Sauti ya bi harusi anayetapika alfajiri haihitaji kipaza sauti. Hadi saa mbili asubuhi shangazi mmoja alishauliza kuhusu siku zake, na hadi mchana kipimo cha mkojo kilishanunuliwa na kuletwa kimefungwa ndani ya leso. Kilisema hapana. Hakuna aliyeomba radhi, maana dhana ilikuwa imeshahamia kwengine: bibi yetu wa Makunduchi alipiga simu akiamrisha mtoto arudishwe nyumbani upesi, huko kaendewa. Duka moja la dawa lilimpa dawa ya malaria bila kipimo, na vidonge vya kuzuia kutapika vilivyomlaza siku nzima. Alipoamka na kugeuka, kabati likapita tena.

Tunajua ndani ya nyumba kama hiyo mtu anafika mahali anatamani iwe mimba, angalau ijulikane.

Hospitali tulimpata daktari kijana aliyeuliza swali ambalo watu wote wale hawakuuliza: "Kinakuanza ukifanya nini?" Alipojibiwa kuwa ni akigeuka kitandani, akilala, akiinuka na akisujudu, akamkalisha kitandani, akamgeuza kichwa kulia, akamlaza upesi huku kichwa kimening'inia kidogo, kisha akamtazama macho. Macho yalikuwa yanacheza yenyewe. Kipimo hicho kilielezwa London mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike. Dix alikuwa daktari mpasuaji aliyeiacha kazi hiyo baada ya kuumia uso na macho katika mabomu ya vita, akaingia kwenye elimu ya masikio. Hakihitaji mashine wala umeme. Kinahitaji kitanda na mtu anayejua anatazama nini.

Maelezo yake tunayaandika kama tulivyoyaelewa. Ndani kabisa ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda kama pete, imejaa maji, na ndiyo inayoiambia akili kuwa kichwa kimegeuka. Jirani yake mna kifuko chenye chembe ndogo sana za chokaa, madini yale yale ya ganda la yai, zilizonata juu ya kitu kama utelezi. Chembe hizo zikibanduka, kwa kugongwa kichwa, kwa umri, au bila sababu ya kuonekana, huweza kuingia kwenye mrija. Ukilala au ukigeuka zinaporomoka na kuyasukuma maji, na sikio linapeleka habari ya uongo kuwa unazunguka. Zikitua, kizunguzungu kinakwisha. Ndiyo maana hakifiki dakika. Madaktari huuita ugonjwa huu kwa herufi nne, BPPV, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Vidonge haviwezi kuzitoa chembe zile mrijani. Kinachozitoa ni kukigeuza kichwa kwa mpango, njia iliyobuniwa na John Epley wa Portland, Marekani, ambaye wenzake walimcheka kabla hajaichapisha sawasawa mwaka 1992. Kama sikio bovu ni la kulia: unakaa kitandani miguu imenyooka, unageuza kichwa kulia nyuzi 45, unalazwa chali na kichwa kimening'inia kidogo kwa nyuma, unasubiri kama nusu dakika au mpaka kuzunguka kuishe. Kichwa kinageuzwa taratibu upande wa kushoto, unasubiri. Kisha mwili wote unalalia ubavu wa kushoto na uso unatazama sakafu, unasubiri tena. Halafu unainuliwa ukae. Basi. Mara ya kwanza fanyiwa na mtaalamu, kwa sababu lazima ijulikane ni sikio gani, na mwenye maradhi ya shingo hafanyiwi hivi hivi tu.

Alifanyiwa mara mbili siku ile. Alilia, akatapika kwenye beseni, na asubuhi yake aligeuka kulia na kabati likabaki mahali pake. Kilichobaki ni kuyumba, kama mtu aliyeteremka boti bahari ikiwa chafu, na kuyumba huko kulikaa wiki nzima.

Sasa tuje kwenye harusi, maana najua mabibi harusi mnasubiri hapo.

Swali la kwanza lilikuwa kumwambia mchumba au kunyamaza. Wakubwa walisema tunyamaze, imeshapona, kwa nini ufungue mlango wa maneno? Sisi tuliona kinyume. Daktari alishasema kinaweza kurudi, na mume atakayeamka usiku akamkuta mkewe ameshika godoro huku anapiga kelele, bila kujua lolote, atafikiri nini katika mji huu wenye jina hili? Akaambiwa, mbele ya kaka yetu, kwa ufupi. Yeye ni mtu wa Kirando, kule ziwani. Aliuliza mambo mawili tu: kama inauma, na kama yeye anaweza kujifunza kumshika kichwa. Mama yake alisema dada yake mwenyewe alikuwa hivyo miaka mingi, wakimwita mlevi ilhali hajawahi kuonja pombe. Sentensi ile ilinyamazisha nyumba kuliko kipimo cha mkojo.

Somo alibadilisha mambo. Singo ilifanywa bi harusi amekaa, si kulala kifudifudi na kugeuzwa kama samaki. Hina alipakwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, mito ubavuni. Saluni tuliikataa kabisa, kwa sababu kuoshwa nywele kichwa kimelazwa nyuma kwenye sinki ni kile kile kipimo cha Dix na Hallpike, bila ya Dix. Alioshwa nyumbani ameinamia mbele kidogo, kwa maji ya uvuguvugu. Viatu vya visigino virefu vikabaki kwenye boksi. (Vilikuwa vizuri. Bado vimo kwenye boksi.)

Jambo la sala lilimuuma zaidi kuliko harusi. Aliogopa sijda, na aliona haya kuogopa sijda. Shekhe tuliyemuuliza alitukumbusha habari ya Imran bin Huswain, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyekuwa na bawasiri, na Mtume swalla Allahu alayhi wasallam akamuelekeza asali amesimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Basi kwa wiki ile alisimama katika kisimamo, akarukuu, na sijda akaiashiria akiwa kwenye kiti. Msikitini wapo waliomtazama, msichana mzima wa afya amekaa kiti cha wazee. Mmoja alimwambia sala ya kiti ni uvivu. Tungependa kina mama wenzetu wajue kuwa siyo kila maradhi yana bendeji. Ruqya tuliisoma na bado tunaisoma, na hatukuona kwa nini kusoma kuzuie kwenda hospitali, wakati Mtume mwenyewe alihimiza watu wajitibu.

Siyo kila kisunzi ni hiki, lakini. Kipo cha upungufu wa damu, cha sukari, cha presha, na cha mimba pia, ndiyo. Kipo cha kipandauso, ambacho wanawake vijana hukipata sana. Kipo cha dawa: kwinini huleta mlio masikioni na kisunzi, na sindano za streptomaisini na gentamaisini zinaweza kudhuru sikio la ndani. Kikija pamoja na kushindwa kusema vizuri, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma kuliko siku zote, au sikio kuziba ghafla lisisikie, usitafute kitanda cha kugeuzia kichwa, tafuta gari ya hospitali wakati huo huo.

Kwetu kimesharudi mara tatu. Tumejifunza kuishi nacho kama watu wanavyoishi na ngazi mbovu. Kuinuka kitandani ni kwa vituo: ubavu, kukaa, kuhesabu, kusimama. Vyombo vya kila siku vimeteremka kutoka rafu ya juu. Taa ya chooni haizimwi usiku, maana gizani macho hayasaidii na miguu hubaki peke yake. Masika, njia za huku zikiwa tope, ndoo ya maji anabeba mtu mwengine. Na tunaota jua. Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini walichapisha kuwa wagonjwa wenye upungufu wa vitamini D waliopewa vitamini hiyo pamoja na kalsiamu hawakurudiwa sana kama wale ambao hawakupewa. Sisi wanawake wa buibui, tena kwenye baridi ya Ufipa, jua tunalionea dirishani. Sasa ua una ukuta, na saa nne asubuhi mikono inakunjuliwa mpaka kwenye viwiko huku tunachambua maharage.

Mara ya tatu ilikuwa Julai, usiku wa baridi kali. Mume aliwasha taa, akauliza, "Kulia au kushoto?", akakishika kichwa kama alivyofundishwa na kuanza kuhesabu mpaka 30. Kwenye 20 akasahau amefika wapi, akaanza tena moja. Alfajiri ile bibie alisali sijda kwenye kiti. Adhuhuri aliiweka chini.