Sindano ya Jirani

Mpwa wangu, wewe umezikuta hospitali za risiti, kwa hiyo ukiambiwa zamani tulitibiwa bure unadhani ni ngano za wazee. Miaka ya sabini wodi ya mkoani kwetu ilinukia dettol tangu mlangoni, shuka zilipigwa pasi, na muuguzi hakumchoma mtu sindano kabla ya kumuuliza jina lake na la baba yake. Kisha ikaja vita ya Kagera, fedha za kigeni zikakauka, na hospitali ikachujuka kama kanga iliyofuliwa mno. Glavu zikaadimika, sindano zikachemshwa mpaka zikawa butu. Hata karatasi za mafaili zikaisha, ikabidi kila mgonjwa aje na daftari la shule. Dukani liliuzwa shilingi tano. Kwa mchuuzi wa getini, kumi.

Shangazi yangu alilazwa kwa presha mwaka 1983, miezi ile Waziri Mkuu Sokoine akiwasaka wahujumu uchumi na sukari ikiuzwa kwa kunong'onezana. Kitanda kimoja walilala wawili, mzungu wa nne, yeye na mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye mwanya, mgonjwa wa kisukari. Ikawa majina yao ni mamoja. Alfajiri akaingia muuguzi, macho mekundu, aliyekesha peke yake na wodi nzima, akaita jina mara moja. Shangazi akaitika, akatoa mkono. Nilipofika na uji nilimkuta anatetemeka, jasho limelowesha godoro, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake.

Muuguzi alikwishatoka zamu. Aliyeng'amua ni yule mama wa mwanya. "Wamempa sindano yangu huyu!" akasema, na hapo hapo akafungua fundo la pembe ya kanga yake. Mlikuwa na sukari, vijiko vitatu hivi, akiba ya siku atakayozidiwa mwenyewe, na wakati ule sukari huombi kwa mtu. Akaimimina yote kwenye uji, tukamnywesha shangazi funda kwa funda, mpaka akauliza uji wa leo mbona mtamu hivi. Daktari alipopita tulimweleza kila kitu. Akaandika kwenye daftari neno moja, "kizunguzungu", akaenda zake. Yule muuguzi simlaumu sana. Mshahara wake haukufika katikati ya mwezi. Aliyeandika vile ndiye ninayemlaumu hadi leo.

Mwaka 2007, tukiwa tumeshazoea kuchangia matibabu tangu 1993, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilishika tama. Shangazi, macho yameshaingia ukungu, alinitaka nimsomee gazeti mara mbili, kisha akauliza kama safari hii wameandika. Nikamwambia wameandika, na waziri ameulizwa. "Basi hao wana nafuu," akasema, akaniagiza chai, isiwe na sukari nyingi.