Kushuka Songo

Kutoka Bukavu hadi Uvira barabara inashuka zaidi ya mita 600, na anayeipita kwa mara ya kwanza huusikia mteremko huo masikioni. Tulipofika kwenye mteremko mkali wa Ngomo, baada ya Nyangezi, dereva alizima muziki, na abiria tukanyamaza mpaka Kamanyola. Hapo nikavua koti. Luvungi, Sange na Kiliba zilipita upesi. Mara Ziwa Tanganyika likajitokeza kushoto, milima ya Mitumba kulia, na mji umebanwa katikati.

Nilikuwa nakwenda Songo, mtaa wa Uvira, kwa mama wa rafiki yangu, ambaye nilisikia kwamba anapanda maua ya porini. Njiani niliona bogenvilia kwenye nyua nyingi. Linapendeza, sikatai, ila kwao ni Amerika Kusini, na huuma roho kuona watu wakilinunua huku maua ya mlima ulio juu yao yakifyekwa kama magugu.

Uzio wa parseli yake ni mti hai: erithrina, ambao jirani zetu Warundi huuita umurinzi. Alikata matawi manene, akayaacha kivulini mpaka vidonda vikakauka, akayachomeka ardhini mvua zilipoanza. Yote yameshika. Ilikuwa Desemba, na maganda yalikuwa yamepasuka, mbegu nyekundu zenye doa jeusi zikichungulia. Maua hutoka kiangazi, aliniambia, mti ukiwa hauna hata jani, na chozi huja kunyonya tangu alfajiri.

Kwenye uzio huohuo alikuwa amepandisha ua liitwalo Gloriosa. Nilisogea karibu nusura niliguse kwa pua. Petali sita zimepinda kurudi juu, kingo zimejikunja mawimbi, njano chini na nyekundu kuelekea ncha. Ua lote linatazama ardhi huku petali zikitazama mbingu. Ncha ya kila jani ni kikono chembamba kinachojisokota. Kimoja kilikuwa kimeshika kijiti cha umurinzi kwa nguvu hata sikuweza kukibandua bila kukikata.

“Acha, mwanangu,” akasema. “Na mizizi yake usiiguse ukaenda kula. Inaua.”

Ni kweli: viazi vya Gloriosa vina kolchisini, sumu kali, na wako watu waliokufa kwa kuvidhania chakula. Ndiyo maana amevizungushia mawe makubwa, na wajukuu wameshaonywa.

Nilimwomba kiazi kimoja nikapande Bukavu. Akakataa kabisa. Mmea ukiwa na maua hauchimbwi. Unangojewa mpaka Juni au Julai, shina likauke lenyewe, ndipo kiazi kinalala. Tangu hapo hakipewi maji, maana kikilowa usingizini kinaoza. Mvua za Oktoba zitakiamsha.

“Basi nitarudi Julai, Mama.”

“Njoo. Utaukuta na umurinzi umewaka. Ulete chupa za mbegu za huko kwenu mlimani, tubadilishane.”